Linux: programu za bure zina gharama zake
Mwenye duka anayetaka kuendesha kompyuta ya Linux iliyo tawi la mbali apige hesabu kwanza. TeamViewer na AnyDesk hazitozi matumizi binafsi. Biashara hulipia leseni. RustDesk haitozi, na mwenye seva anaweza kupitishia mawasiliano humo.

Gharama nyingine imo katika kifurushi. Deb, ya Debian na Ubuntu, ni nyepesi kwa kuwa hutumia maktaba zilizomo tayari kwenye mashine. Flatpak huja na maktaba zake, hivyo upakuaji wa kwanza hula bando. Lakini deb iliyochukuliwa tovutini mara nyingi haisasishwi pamoja na mfumo, na programu hii ndiyo mlango wa ofisi: kasoro ya zamani humfungulia mwizi. Flatpak husasishwa kwa amri moja. Kwa duka lisilo na fundi, bando hilo ni rahisi.