Mtoto Mwenye Shoto na Kalamu Yake

Katika vyuo vyetu vya Kurani, tangu Masasi penye majabali hata Newala juu ukingoni mwa nyanda za Makonde, hakosi kuonekana mtoto ambaye akipewa kalamu huipokea kwa mkono wa kuume kwa adabu, kisha huihamishia kushoto ili aandike. Hapo fimbo huanza kazi. Wako wapigwao vidoleni, wako wafungwao mkono kwa kitambaa, na wako waambiwao mbele ya wenzao kuwa mkono ule ni wa shetani. Mwandishi wa maneno haya alikuwa mmoja wao. Nilifungwa kitambaa mwezi mzima, na hata leo naandika kwa kuume polepole kama mtu atembeaye gizani. Lakini nikishika nyundo au panga, shoto hutangulia wenyewe.

Nisingaliyakumbuka hayo lau binti yangu wa miaka 7 asingalikataa kwenda chuoni. Siku tatu alisema tumbo lamwuma. Siku ya nne mama yake akaona vidole vya mkono wake wa kushoto vimevimba.

Ama katika kula na kunywa, hapana mjadala. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Umar bin Abi Salama, aliyekuwa kijana mdogo katika malezi yake, ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kuume, na ale kilicho mbele yake. Hata lugha yetu yashuhudia, kwani twasema mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Tena Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa Mtume alipenda kuanza kwa kuume katika kuvaa viatu, kuchana nywele, kujitoharisha na katika mambo yake yote. Basi awezaye kuandika kwa kuume na aandike, ndiyo bora. Walakini jambo lililo bora kwa awezaye halikugeuzwa kuwa adhabu kwa asiyeweza, na wanazuoni walioulizwa juu ya mtu mwenye shoto wamejibu kuwa hana dhambi kuandika kwa mkono wake. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa akifanya kazi kwa mikono yote miwili sawasawa, na Waarabu walikuwa na jina la mtu wa namna hiyo: a'sar yasar.

Naijua khofu ya walimu wetu, wala siidharau. Wao husema, mkono wa kustanjia utaandikaje maneno ya Mwenyezi Mungu? Ni khofu ya mtu aheshimuye Kitabu. Lakini mkono huo huoshwa katika udhu kama mwenziwe, na katika sijida viganja vyote viwili huwekwa chini, hakuna kimoja kiambiwacho kibaki nyuma.

Tena si ukaidi wa mtoto. Watu wenye shoto ni kama mmoja katika kila kumi, na mwelekeo huo huanza kabla ya kuzaliwa. Mashine za kutazamia tumboni zimeonyesha watoto wangali mimba wakinyonya kidole gumba, wengi cha mkono wa kuume, wachache cha kushoto.

Mzazi aweza kulijaribu jambo hili nyumbani bila gharama. Mpe mtoto kijiti, mwambie avute mstari mchangani mbele yake. Mkono wa kuume hupenda kuvuta kutoka kushoto kwenda kuume, kwa sababu ni wepesi zaidi kuusogeza mkono nje ya mwili kuliko kuuleta ndani. Mkono wa kushoto nao huvuta nje vilevile, yaani kutoka kuume kwenda kushoto. Sasa jiulize, ndugu msomaji, ni maandishi gani yaendayo kutoka kuume kwenda kushoto? Ni haya ya Kurani! Mtoto mwenye shoto akiandika alifu, be, te, kiganja chake hutangulia mbele ya wino wala hakiufuti. Mwenye kuume ndiye ambaye kiganja chake hufuata maneno mabichi, na kwa hiyo hana budi kukiweka chini ya mstari. Katika masomo yote apewayo mtoto wa shoto, lile la chuoni ndilo limfaalo mkono wake kuliko mengine, na huko ndiko tunakompigia.

Taabu yake ya kweli iko skuli, katika herufi za Kirumi. Herufi hizo zililetwa Masasi na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1876. Huko mtoto wa shoto huusukuma mkono kuelekea mwilini na kuuburuta juu ya wino wake mwenyewe. Dawa yake ni ndogo: daftari liinamishwe, kichwa chake kielekee kuume kidogo, kalamu ishikwe juu kidogo ya ncha, na mtoto akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, asije akagongana viwiko na mwenziwe.

Mkono wa mtu wa nchi hii haukungoja skuli upate uhodari. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na kukaa Newala, akawapa watu karatasi na kalamu za risasi wachore wapendavyo. Wengi hawakupata kushika kalamu maishani, na picha zao, pamoja na zile za Pesa Mbili, mkuu wa wapagazi wake wa Kinyamwezi, alizitia katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1908.

Nilikwenda kwa Maalim baada ya alasiri. Ni mzee niliyemzidi kisomo cha skuli tu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya mkono."

Nikamweleza habari ya mstari wa mchangani. Hakunijibu. Aliokota kijiti, akavuta kwa kuume, kisha kwa kushoto, akarudia mara tatu nne. Halafu akasema kuwa kalamu ya mwanzi hukatwa ncha mshazari kwa ajili ya mkono wa kuume, na ya binti yangu itabidi ikatwe kinyume. Yeye hajapata kuikata hivyo, ataharibu mwanzi mmoja au miwili.

"Lakini akija kula hapa kwangu," akasema, "ni kuume."

Nikamwambia kwamba hata kwetu ni hivyo. Juzi tulipokuwa tukila, binti alinyosha shoto kwenye samaki. Mama yake akamwita jina lake tu, naye akabadili mkono.