Si kila mtoto aliyeanguka hupigwa CT

Kuanzia Chale hadi Gazi ni minazi na miembe, na watoto hawachoki kuiparamia. Mmoja akiteleza na kuangukia kichwa, mzazi hufika hospitali, iwe ya Rufaa ya Msambweni au Coast General kule Mombasa, akiwa na swali moja: mbona hapigwi CT?

Mashine ya CT hutumia eksirei. Mwali huzunguka kichwa, kompyuta ikachora ubongo vipande vipande mithili ya boflo lililokatwa. Mfupa hutoka mweupe pe, damu iliyomwagika karibuni huwa na weupe hafifu, maji huwa meusi. Kwa muda mfupi tu daktari hujua kama fuvu limepasuka, au kama damu imevilia ndani na inaukandamiza ubongo. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London, tarehe 1 Oktoba 1971.

Si ajali peke yake. Mwaka 1994, watafiti wa Kilifi walieleza habari za watoto 14 waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. CT ilionyesha kuwa sita kati yao ubongo ulikuwa umevimba. Huko Mbale, Uganda, watoto wachanga 100 wenye kichwa maji walifanyiwa upasuaji wa aina mbili, na ukuaji wa ubongo wao ukapimwa kwa CT. Matokeo ya 2017 hayakuonyesha tofauti kubwa baada ya mwaka mmoja. Hata hivyo, mtoto ambaye utosi wake haujafunga anaweza kupimwa kwa ultrasound, isiyo na mionzi.

Mionzi ndiyo sababu ya daktari kusita.

Utafiti wa Uingereza wa 2012 ulikadiria kwamba kati ya watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wanaopigwa CT ya kichwa, mmoja zaidi angepata saratani ya damu, na mmoja uvimbe wa ubongo, ndani ya miaka 10. Hatari ni ndogo, lakini ipo. Utafiti wa Marekani wa 2009, uliohusisha watoto zaidi ya 42,000, ulithibitisha kuwa asiye na dalili za hatari anaweza kuangaliwa tu bila picha.

Mzazi, mtoto akizimia, akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akisinzia isivyo kawaida au akivuja maji puani na masikioni, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huohuo.