Seli Zilizoshiba

Nilikwenda Morogoro kutafuta migomba. Mhariri alitaka habari fupi ya miche ya chupa, ile inayoanza maisha kwenye jeli badala ya udongo, na nilikuwa nimeshaiandika nusu nzima kichwani mama wa maabara alipofungua friji. Rafu ya chini, kando ya visahani vilivyozungushiwa nailoni, palikuwa na madafu matatu.

Nikadhani ni ya mchana, baada ya kazi. Akacheka.

"Hayo si yangu wala yako, mwanangu. Hayo wanakunywa wao."

Wao walikuwa kwenye mashine ya kutikisa, pembeni: chupa sita zinazozunguka polepole, ndani yake kitu kama uji mwepesi wa mtama. Ni seli za lile ua la petali tano, la waridi au jeupe, linaloota kwenye makopo ya rangi vibarazani na makaburini, ambalo hata ukilisahau halifi. Asili yake Madagaska. Mwaka 1958, huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walitangaza dawa waliyoitoa kwenye majani yake. Walikuwa wakichunguza habari kwamba watu wa Jamaika huyanywa kwa ajili ya kisukari. Sukari ya panya haikushuka, zikashuka chembe nyeupe za damu. Mwaka huohuo, Kampala, daktari Denis Burkitt alichapisha taarifa yake ya uvimbe wa taya za watoto. Leo vinkristini, dawa nyingine ya ua hilo, ni miongoni mwa zinazotibu uvimbe huo.

Tatizo ni uchache wa dawa hizi majanini. Kwa gramu moja ya vinblastini, ndugu wa vinkristini, hutajwa kilo 500 za majani makavu. Ndiyo maana watu wakafikiria chupa.

Na dafu? Mama huyu huyachemsha maji yake kidogo, yakaganda utando mweupe, akayachuja kwa kitambaa, kisha kwa karatasi, mpaka yang'ae. Huyatia kwenye lishe ya chumvi, sukari na vitamini, sehemu moja kwa tisa. Wataalamu wa Marekani walilijua hili tangu 1941, walipokuza viini vichanga vya mnanaha kwa maji ya nazi. Dafu limejaa homoni za kuamrisha seli zigawanyike; kazi yake mtini ni kulea kijusi cha mnazi. Homoni za dukani zipo, ila huagizwa nje. "Dafu halikai bandarini," alisema.

Zikinyweshwa hivyo, seli zinanenepa. Hapo ndipo aliponiharibia habari ya migomba.

"Zinanenepa tu. Dawa hazitoi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza kwa vidole viwili: dawa hii huungwa kwa vipande viwili, katharanthini na vindolini. Cha kwanza seli za chupani hukitengeneza. Cha pili hazikijui. Kwenye jani, kazi ya kukiunda hupita kutoka seli ya aina moja hadi ya aina nyingine, kama ndoo za maji kwenye moto. Chupani wote wamekuwa watu wa aina moja, hakuna wa kumpokea mwenzake.

"Na tena, dawa za nini? Hakuna mdudu, hakuna jua, hakuna mbuzi. Kila siku dafu." Kwa hiyo huzitisha: huchemsha ukungu akautia chupani, seli zidhani zimevamiwa. Katharanthini hupanda. Vindolini, kimya.

Wengine wamefanikiwa kwa mimea yao. Wajapani walitoa rangi ya shikonini chupani tangu 1983, ikaishia kwenye rangi ya mdomo. Ujerumani, seli za mti wa yew hutoa paklitaxeli, dawa ya saratani, ndani ya matangi makubwa. Nazo hutishwa, kwa kemikali ambayo mmea huitoa ukijeruhiwa. Ua letu limekataa. Mwaka 2022 watafiti wa Denmark na wenzao wakalizunguka kabisa: walihamishia jeni zake kwenye hamira, hamira ikatengeneza vipande vyote viwili.

"Hamira!" alisema, na sikujua kama anasifu au analalamika.

Nilimuuliza juu ya wachumaji wa kusini mwa Madagaska, wanaouza majani na mizizi kwa kilo. Hamira ikishika kazi, wao watauza nini? Na aliyetangulia kuchemsha majani hayo Jamaika, nani alimlipa? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza.

"Basi, mama, kwa nini huachi?"

Alitazama karatasi iliyobandikwa ukutani. Seli zilikuwa zimetimiza siku zao, zilihitaji chupa mpya. Alijipaka spiriti mikononi hadi kwenye viwiko, akavaa barakoa, akanisogezea dafu moja.

"Lishike vizuri," alisema, akatafuta kisu.