Je, Wajua? Metali Laini, Kipimo Kigumu

Je, wajua kwamba…

…wahunzi wa Ufipa walipata chuma kwa ilungu, tanuri la udongo lililoweza kufika mita 3 kwenda juu? Halikuhitaji mivukuto, hewa ilivutwa kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini.

…kucha yako huikwaruza risasi, lakini hushindwa na shaba? Kipimo cha kukwaruza kilipangwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812.

…gololi nayo ni kipimo? Mwaka 1900 Msweden Johan August Brinell alionyesha namna ya kuikandamiza juu ya metali, kisha kupima upana wa kishimo kinachobaki.

…mzigo hubadilika? Gololi ya milimita 10 hubebeshwa kilo 3000 juu ya chuma cha pua, lakini kilo 100 tu juu ya risasi. Ukizidisha, gololi huzama mno na jibu halifai.

…sekunde huhesabiwa? Kwa kawaida mzigo hukaa sekunde 10 hadi 15. Risasi haitulii: mzigo ukikawia, kishimo kinazidi kutanuka na namba ya ugumu inashuka.

…joto nalo limo? Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Chubwi la nyavu lililopimwa kwenye joto la Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, litaonekana laini kidogo kuliko likipimwa kwenye baridi ya Matai, nyanda za juu.

…sufuria la alumini lililosahauliwa mekoni hadi likaungua bila maji hulainika? Ugumu lililoupata lilipokandamizwa kiwandani hupotea, na baada ya hapo hata mwiko hulibonyeza.

…bati jembamba hudanganya? Unene unatakiwa uwe angalau mara 8 ya kina cha kishimo, la sivyo unapima meza iliyo chini yake.

…vishimo havitaki kubanana? Kutoka kitovu hadi kitovu, acha nafasi ya angalau mara 3 ya upana wa kishimo. Metali iliyo kando ya kishimo cha kwanza imeshakuwa ngumu.

…msasa ukitumiwa kwa nguvu hukaza ngozi ya juu ya shaba na alumini, ukapima ugumu ulioutengeneza mwenyewe?

…namba ya ugumu peke yake haitoshi? Kando yake fundi makini huandika HBW, alama ya kipimo cha Brinell, kisha 10/100/30: gololi ya milimita 10, kilo 100, sekunde 30. Ukiletewa namba bila hayo matatu, irudishe.