Likizo ya Familia Mpakani: Anza na Bibi na Mtoto

Familia inaposafiri pamoja, mwendo huwekwa na yule mwenye nguvu kidogo kuliko wote. Mtoto wa miaka mitatu akichoka, gari zima limechoka. Bibi akikosa usingizi, asubuhi yake hakuna anayecheka mezani. Nimefanya kazi mapokezi ya gesti moja hapa Busia, upande wa Kenya, tangu nikiwa binti, na kila shule zinapofungwa, Aprili, Agosti na Desemba, nawatazama wageni wakiingia na kutoka. Wanaoniaga kwa furaha ni wale waliopanga safari wakimfikiria kwanza mdogo kabisa na mzee kabisa, kisha wao wenyewe wakajipanga katika nafasi iliyobaki.

Nilizaliwa Tororo kwa Wateso, nikaolewa Busia kwa Wasamia, kwa hiyo miji hii miwili ni nyumbani kwangu kote. Wengi huijua kama mahali pa kupita. Anayetoka Nairobi kwenda Kampala hugonga muhuri, akabadilisha fedha, akanunua maji, akaondoka. Mimi nawasihi wenye watoto wasimame. Kutoka Busia hadi Tororo ni mwendo usiofika saa moja kwa gari, na ndani ya eneo hilo dogo kuna jabali la kupanda, michoro ya kale ya mapangoni, ziwa, na chakula cha watu wawili watatu tofauti. Mtoto haoni haja ya kukaa garini siku nzima ili aseme amesafiri.

Na mpaka wenyewe ni wa juzi. Hadi mwaka 1902, nchi hii yote mpaka Naivasha ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Waingereza ndio walioihamishia upande wa pili. Ndiyo maana Wateso na Wasamia wako Kenya na Uganda, na ndiyo maana likizo ya huku mara nyingi huwa nusu matembezi, nusu kuwaona jamaa.

Karatasi kabla ya mabegi

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa. Kwa watu wazima jambo limekwisha hapo. Kwa watoto halijaisha. Beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na kama mzazi mmoja tu ndiye anayesafiri, au watoto wameandamana na shangazi au babu, beba barua ya ridhaa ya wazazi na nakala za vitambulisho vyao. Mwenye pasipoti za watoto azichukue. Ukiwa na shaka, ulizia ofisi ya uhamiaji wiki kadhaa kabla, maana mpakani, na mtoto analia mgongoni, si pahali pa kuanza kutafuta karatasi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo inahitajika kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa Ijumaa ili asafiri Jumamosi hajajisaidia. Uzuri wake ni kwamba tangu mwaka 2016 chanjo hiyo hudumu maisha yote. Ukishaipata, weka kadi pamoja na vyeti vya shule.

Mwenye gari lake aje na kitabu cha gari na bima ya COMESA, ile watu wanayoiita kadi ya njano, na atenge muda wa kupata kibali cha forodha.

Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, kimepunguza usumbufu mwingi. Anayeingia Uganda hupita upande wa Kenya bila kusimama, akawakuta maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja upande wa pili. Anayerudi Kenya hufanya hivyo hivyo kinyume chake. Hata hivyo, foleni ipo. Vuka asubuhi, watoto wakiwa wameshakula, na mzee atafutiwe pa kukaa huku mtu mmoja akishika karatasi za wote.

Ukichagua kupitia Malaba, ambako ni karibu zaidi na Tororo, ujue kwamba ndiko malori mengi ya mizigo yanakopita, na misururu yake huweza kuwa mirefu. Wakati wowote, epuka kusafiri usiku na familia. Trela lililoharibika barabarani bila taa ni hatari ya kweli katika njia hizi.

Maswali ya kumuuliza mtu wa mapokezi

Wageni wengi hupiga simu na kuuliza jambo moja: "Chumba ni pesa ngapi?" Nami hujibu, lakini moyoni natamani waulize zaidi, kwa sababu bei haimwambii mtu kama mama yake ataweza kuoga.

Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi. Alifika mgeni mmoja na mamake mzee, wameandikiwa chumba cha juu kabisa. Yule mama akazitazama ngazi, akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "kupanda nitapanda leo. Lakini kushuka ni siku ya kuondoka." Tulimhamishia chini siku hiyo hiyo, na kwa siku zote alizokaa alikuwa wa kwanza kufika mezani kwa chai. Laiti mwanawe angeuliza kwenye simu, mama asingepata wasiwasi huo.

Uliza kuhusu bafu: je, kuna kizingiti cha kurukwa, sakafu inateleza, maji ya moto yapo asubuhi na jioni? Uliza umeme ukikatika kuna jenereta, na huwashwa saa ngapi. Uliza kama chini au jirani kuna baa, hasa Ijumaa na Jumamosi, na kama dirisha linatazama barabara ya malori. Uliza kama kuna godoro la ziada la watoto na linalipiwa kiasi gani, na kama jikoni wataweza kupika uji wa mtoto saa kumi na mbili asubuhi. Gesti nzuri haichukii maswali haya. Anayekujibu kwa subira kwenye simu ndiye atakayekusikiliza utakapofika.

Neti ya mbu usiiulizie tu, ikague. Eneo hili la karibu na Ziwa Victoria lina malaria nyingi, na wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano na kina mama wajawazito. Ukifika, kabla ya kushusha mizigo, ishushe neti uitazame kwenye mwanga kama ina matundu, na uone kama inafika chini ya godoro. Fungulia bomba. Vuta maji ya choo. Funga mlango kwa ufunguo kisha uufungue. Dakika tano hizo zikikuonyesha kasoro, sema hapo hapo kwa upole, na chumba kingine kikiwapo utapewa. Ukitoa arubuni, dai risiti au ujumbe wa simu wenye jina, tarehe na kiasi.

Jambo kubwa moja kwa siku

Kosa linalowachosha wengi ni kujaza siku. Huku kwetu nashauri jambo kubwa moja, tena asubuhi, halafu chakula, usingizi wa mchana na kutembea jioni. Mchana wa Januari na Februari huwa mkali. Na katika miezi ya mvua, hasa Machi hadi Mei, mawingu hujikusanya alasiri.

Siku ya kwanza iwe ya Jabali la Tororo. Ni mabaki ya mlima wa moto wa kale. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na linaonekana kutoka mbali kabla hujauona mji wenyewe. Njia ya juu ina ngazi pale penye mwinuko mkali. Anzeni mapema, jua halijapanda, mkiwa na kiongozi wa pale mjini, viatu vinavyoshika na maji ya kutosha. Mtoto ambaye bado anabebwa asipandishwe, na mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisheni. Mkifika juu, Mlima Elgon uko kaskazini, na upande wa mashariki nchi tambarare inaendelea hadi Kenya, bila mstari wowote unaoonyesha nchi moja inaishia wapi. Mama mkwe wangu magoti yake hayampi ruhusa. Tukienda huko hubaki kivulini chini na wajukuu wadogo, na mkeka, na karanga za kuchemsha, na wakubwa wanaposhuka wanamkuta na hadithi ndefu kuliko ya kwao. Kila mtu amepata siku yake.

Siku nyingine nendeni Kakapel, upande wa Kenya, katika Kaunti ya Busia. Hapo pana mwamba wenye michoro ya kale inayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya uchimbaji wao mahali hapo, na miongoni mwa mabaki ya mimea waliyoyapata ilikuwemo kunde ya miaka ipatayo 2,300. Waambieni watoto hilo mkiwa pale pale, halafu jioni waagizieni ebo, majani ya kunde yaliyopikwa kwa siagi ya karanga jinsi Wateso wanavyoyapika, pamoja na atapa, ugali wa wimbi na muhogo. Mtoto atakula historia kwa mkono wake.

Ziwa liko kusini: Sio Port na Port Victoria upande wa Kenya, Majanji upande wa Uganda. Nendeni kwa ajili ya samaki, ngege au mbuta aliyetoka majini asubuhi, na kwa upepo. Kuogelea siwashauri, hasa penye matete na maji yaliyotulia, kwa sababu kichocho kipo. Akitaka mtu kupanda mtumbwi, awe na jaketi la kuokolea maisha linalomtosha, mtoto naye apate la mtoto.

Wenye siku zaidi waendelee kaskazini hadi Mbale, kisha Sipi, kama kilomita 100 kutoka Tororo. Kuna maporomoko matatu ya maji, na lile refu linaanguka karibu mita 100. Huko ni kwenye miteremko ya Elgon, usiku kuna baridi ambayo watoto wa Busia hawaijui, kwa hiyo sweta na soksi ziwemo. Laleni huko usiku mbili. Kwenda na kurudi siku moja kunamchosha bibi bure.

Fedha, na jamaa

Kwa miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa kati ya 25 na 30 hivi za Uganda. Kwa kiwango cha 27, chumba cha 81,000 za Uganda ni 3,000 za Kenya. Wafundishe watoto wakubwa hesabu hiyo na uwape fedha zao kidogo wanunue roleksi, ile chapati ya mayai, kando ya barabara. Badilisha fedha katika duka lenye leseni, uhesabu mbele ya dirisha, na usiwafuate wanaokujia na mabunda mkononi.

Sasa jambo nyeti. Familia nyingi zinazokuja huku zina jamaa, na jamaa hukasirika wakisikia umelala gesti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nao walijua uzito wa kulisha watu wengi. Ukiwa na watoto watano, kulala gesti ni kumhurumia shangazi yako. Lakini mwambie mapema, tena kwa kinywa cha mkubwa wenu, asije akasikia kwa majirani. Nendeni mchana mkiwa na sukari, sabuni na mkate, msaidie kupika, na ikiwezekana waacheni watoto walale kwake usiku mmoja. Watoto wangu waliijua lugha ya Tororo kwa usiku kama huo jikoni kwa bibi yao, na hakuna hoteli ingewapa hicho.

Kwa hiyo jioni hii, kabla ya kuuliza bei ya chumba chochote, kaa na mzee wa nyumba umuulize anaweza kukaa garini kwa muda gani, anakula nini, anataka kumwona nani. Muulize na mtoto. Majibu yao ndiyo ratiba. Watoto hukua upesi, na wazee hawatungoji. Asiahirishe mtu hadi apate fedha za Mombasa, ilhali nauli ya Tororo anayo.