Kengele Ipi Tuinyamazishe?

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wenu mmekishika mkononi hivi sasa, yaani simu, na hasa vile vikundi vya WhatsApp ambavyo siku hizi kila kwaya, kila chama cha akina mama na kila ukoo unacho chake.

Hapa Kongowea yuko mama mmoja, jina lake silitaji, auzaye viazi sokoni. Huamka saa tisa za usiku ili awahi malori yatokayo bara. Katika kikundi cha chama chao alikuwamo mwenzake mwenye ulimi mkali. Mama huyu akichelewa siku moja tu kutoa mchango, yule mwenzake humwandikia maneno ya kumwaibisha mbele ya wanachama wote. Mara amwite mdeni sugu, mara amcheke kwa makosa yake ya kuandika. Mwanzoni mama alijibu. Akajibiwa. Wengine nao wakaingia, hawa wakishika upande huu na wale upande ule, hata wateja wakawa wanasimama mbele ya meza yake naye hawaoni, kwa kuwa anaandika. Ndipo kijana wake akamwambia, "Mama, kwani ni lazima usikie kila kitu? Kinyamazishe." Akamwonyesha jinsi ya kufanya.

Afadhali nieleze jambo hili, maana wengi hubonyeza tu pasipo kujua. Ukinyamazisha kikundi, ujumbe unaendelea kuingia kama kawaida, ila simu hailii. Utaulizwa ni kwa muda gani: kwa saa 8, kwa wiki moja, au daima. Wenzako hawapewi habari kwamba umefanya hivyo. Kumzuia mtu ni jambo jingine. Uliyemzuia hawezi kukupigia wala kukuandikia wewe binafsi. Lakini mkiwa katika kikundi kimoja, maneno yake humo utaendelea kuyaona. Basi, katika kikundi huwezi kuziba sikio kwa ajili ya mtu mmoja. Ukiziba, umewazibia wote. Na kama wewe ndiwe msimamizi wa kikundi, tangu mwaka 2022 unaweza kulifuta tusi aliloandika mwingine lisionekane na yeyote. Wasimamizi wengi, hata wa vikundi vya kanisa, wanalijua jambo hilo na hawalifanyi, kwa kuogopa lawama.

Wako wanaosema kwamba kunyamaza namna hii ni woga. Mimi sikubali. Wazee wetu wa pwani walisema kwamba kelele za mlango hazimwasi mwenye nyumba kulala. Na nani hapa asiyejua mafumbo ya kanga? Jirani hujifunga kanga yenye maneno makali akapita mbele ya mlango wako mara tatu kwa siku. Mwenye busara humwuliza hali, akamkaribisha chai, kana kwamba hakwenda shule na herufi hazijui.

Tena Maandiko yanatupa mfano. Fungua 1 Samweli, mwisho wa sura ya 10. Sauli ametangazwa mfalme, na watu kadhaa wanamdharau waziwazi, wakiuliza mtu kama huyu atawaokoaje, wala hawamletei zawadi. Angeweza kuwaadhibu. Maandiko yasema alinyamaza tu, kisha habari inaendelea mbele.

Lakini mama yetu, kwa uchungu aliokuwa nao, alichagua "daima". Akapumzika kweli, akafanya biashara yake, akalala. Zikapita wiki tano. Asubuhi moja mteja akamwuliza mbona hakuonekana mazishini. Mazishi ya nani? Mwanachama mwenzao, yule aliyekuwa akimshikia meza kila alipougua, alikuwa amefiwa na mumewe. Habari za ugonjwa, za mchango wa hospitali, za msiba na za mazishi, zote zilikuwa zimepita katika kikundi kile kisicholia. Mama alipokifungua jioni alikuta mamia ya ujumbe. Katikati yake mjane alikuwa amemtaja yeye kwa jina, akiuliza kama yuko salama.

Alinijia akilia. Nami, ndugu zangu, sikuwa na neno la haraka la kumpa. Tulifungua Biblia tena, tukaendelea pale tulipoishia, katika sura ya 11. Wajumbe wa Yabeshi-Gileadi wanakuja na habari ya Nahashi Mwamoni, aliyetaka kuwang'oa watu macho ya kuume. Watu wanalia. Sauli anatoka shambani nyuma ya ng'ombe wake, asikia kilio, na mara moja anauliza watu hawa wana nini. Ni Sauli yule yule! Matusi yalimpita, lakini kilio hakikumpita. Na baada ya ushindi watu walipotaka wale wenye dharau wauawe, yeye ndiye aliyekataa.

Sisi wa Kongowea tunajua habari za kengele. Ule mnara wa pale Kengeleni ni wa Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1875. Kengele yake ilikuwa ya kuwaonya watu kwamba wakamataji watumwa wanakuja. Vivyo hivyo katika simu, yako maneno ambayo si ya kuyanyamazia. Mtu akitishia kukudhuru, au akichochea kabila moja lichukie jingine, hiyo si kelele ya mlango. Tunakumbuka jinsi ujumbe wa simu ulivyosaidia kueneza chuki katika machafuko ya mwaka 2007 na 2008. Ujumbe wa namna hiyo usiufute. Uhifadhi, uupeleke kwa polisi. Kumsumbua na kumtisha mtu mtandaoni ni kosa kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018.

Sasa mama amebadilisha ile "daima" ikawa wiki moja. Jumapili baada ya ibada hukaa chini ya mwembe akasoma yote yaliyoandikwa, akipita upesi penye makali. Pia amemwomba katibu wa chama ampigie simu pakiwa na mgonjwa au msiba. Kwa mjane alikwenda siku ile ile, wakalia pamoja.

Kwa yule mwenye ulimi mkali alikwenda pia, peke yake, kama Bwana Yesu alivyoagiza katika Mathayo 18. Hakupokewa vizuri. Aliachwa asimame mlangoni, akaambiwa kwamba aliyoandikiwa ni kweli tupu. Lakini wakati wa kuondoka aliona vikombe vya dawa dirishani na mtoto amelala kitini mchana, na yule dada akageuza uso. Juma hili mama ameniambia atarudi tena Alhamisi, wateja wakipungua, na safari hii atachukua viazi kidogo.