Suti ya Kupima: Kazi ya Futi, Mkasi na Ahadi

Ukipita mitaa ya Ngamiani hapa Tanga mjini, hukosi kusikia mlio wa cherehani barazani. Mafundi wetu wengi hushona sare za shule na magauni, au hupunguza nguo za mitumba. Wachache tu ndio wanaothubutu kukata koti la suti. Vijana wanaojifunza ushonaji huuliza swali la haki: je, mtu anaweza kuendesha maisha kwa kushona suti, wakati suti ya mtumba inapatikana sokoni kwa bei ya chini? Katika makala hii tunajaribu kulijibu.

Kwa nini mtu ashonewe?

Suti ya dukani au ya mtumba ilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Lakini maumbile hayafanani. Huyu bega moja limeshuka, yule ana kitambi, na mwingine mkono mmoja ni mrefu kuliko wa pili. Fundi wa suti hupima kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, urefu wa mgongo, mikono na miguu, kisha humtazama mteja anavyosimama.

Kwa mwanamume wa kimo cha kawaida huhitajika kitambaa cha mita 3 hadi 3.5. Fundi huchora kwa chaki, hukata, kisha hupiga bandi, yaani hushikiza vipande kwa mishono mirefu ya muda. Mteja hurudi kujaribu, na panapovuta hufumuliwa na kurekebishwa kabla ya kushona moja kwa moja. Kati ya kitambaa cha nje na bitana huwekwa kitambaa kigumu kinachokipa kifua umbo. Pasi nayo ni sehemu kubwa ya kazi hii. Katika mtaa wa Savile Row, London, unaosifika duniani kwa suti za kupima, suti moja huchukua si chini ya saa 50 za kazi ya mikono.

Safari ya mbunifu mmoja

Tumtazame Ozwald Boateng, aliyezaliwa London mwaka 1967 na wazazi kutoka Ghana. Akiwa kijana alisomea kompyuta, lakini ushonaji ukamvuta akauacha mkondo huo. Mwaka 1994 alionyesha mavazi yake Paris, na mwaka 1995 alifungua duka lake jirani na Savile Row. Alishika ukataji wa kale wa mtaa ule, ila akauongezea rangi kali ambazo mafundi wa pale hawakuzizoea.

Haikuwa safari ya mteremko. Mwaka 1998, baada ya msukosuko wa fedha wa Asia kumkosesha oda za huko, biashara yake ilifilisika. Alianza upya. Mwaka 2003 kampuni ya Givenchy ya Ufaransa ilimkabidhi mavazi yake ya kiume, na mwaka 2006 alitunukiwa nishani ya OBE ya Uingereza. Funzo ni kwamba ufundi peke yake hautoshi. Fundi hodari naye huanguka akitegemea wateja wa upande mmoja.

Soko letu la pwani

Koti si geni kwetu. Wazee wa pwani wamelivaa juu ya kanzu tangu zamani. Baada ya Uhuru ikaenea suti ya Kaunda, iliyopewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991. Ni suti isiyohitaji tai, mara nyingi ya mikono mifupi, inayofaa joto letu na rahisi kwa fundi kuliko koti kamili. Kijana anaweza kuanza na suruali, akapanda hadi Kaunda suti, ndipo akajaribu koti la bitana.

Joto la Tanga nalo ni fursa. Suti nyingi za mitumba zilishonwa kwa nchi za baridi. Ni nzito na zina bitana mwili mzima. Fundi anayechagua kitambaa chepesi na kuweka bitana nusu anampa bwana harusi kitu asichokipata kwa urahisi kwenye marobota. Aidha, tangu mwaka 2008 maonyesho ya Swahili Fashion Week, yaliyoanzishwa na mbunifu Mustafa Hassanali jijini Dar es Salaam, yamewapa wabunifu wetu jukwaa.

Arbuni na daftari

Hata hivyo, adui mkubwa wa fundi si mtumba, ni ahadi isiyotimizwa. Mteja ametoa arbuni, harusi ni Jumamosi, na Ijumaa jioni koti bado halina mikono. Mara nyingi chanzo ni arbuni ya mteja huyu kutumika kununua kitambaa cha yule aliyetangulia. Mteja huyo hatarudi, wala nduguze hawatakuja.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo tunawashauri mafundi:

- Kila mteja awe na ukurasa wake: vipimo, tarehe na fedha alizotoa.
- Arbuni inunue kitambaa cha mwenyewe, isiguswe kwa jingine.
- Siku ya kujaribu ipangwe mapema, angalau wiki moja kabla ya shughuli.
- Kazi isiyowezekana ikataliwe kwa upole.

Wazazi nao wasiione cherehani kuwa kimbilio la waliofeli. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha fani ya ushonaji, na ina kituo hapa Tanga. Nendeni mkaulizie nafasi. Wanavikundi vya kuweka na kukopa, mkopo wa cherehani na pasi nzuri waweza kumsimamisha kijana.

Basi jibu letu kwa vijana ni ndiyo, suti inalipa. Lakini mteja humlipa fundi mara mbili: kwanza kwa fedha, kisha kwa kumleta ndugu yake. Malipo ya pili ndiyo yanayomjenga fundi, nayo hayaji bila kutimiza ahadi.